Maelezo ya Kaole kwenye kanzidata

Kazi ilikuwa ya kikundi cha waongoza watalii hapa Bagamoyo. Maelezo ya maeneo ya kale yaandikwe mara moja, yakae kwenye kanzidata moja, kisha yatumike kwenye tovuti, kwenye simu na kwenye vipeperushi vya karatasi. Mimi na mwenzangu tulielewana kwa yote isipokuwa hilo la yahifadhiwe kwa alama gani.

Yeye alitaka HTML, lugha ya alama inayojenga kurasa za tovuti, kwa kuwa kivinjari kinaisoma moja kwa moja. Nikamfungulia maelezo ya Kaole, magofu ya kale karibu na Bagamoyo, yaliyopestiwa kutoka Word. Sentensi moja tu, ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, ilikuwa imezongwa na tagi (alama za HTML) juu ya tagi: MsoNormal, jina la mtindo wa Word, huku, jina la fonti kule, rangi nyeusi ikitajwa tena na tena.

"Kaka, hii kwenye kipeperushi itatokaje? Na siku tukibadili sura ya tovuti?"

Akahamia XML, lugha nyingine ya tagi. Ile naiheshimu mpaka leo: unajitungia tagi ya kaburi, tagi ya mwaka, kisha unazigeuza utakavyo. Lakini ukisahau kufunga tagi moja, faili zima linagoma, na waandishi wetu walikuwa wazee wanaojua historia, hawakuwa watu wa kompyuta.

Ubishi ulimalizwa na mzee mmoja, mwongozaji wa siku nyingi. Alitutumia kwa WhatsApp maelezo ya Boma la Wajerumani, na ule mwaka wa ujenzi, 1897, kauzungushia nyota ili ukolee. Tulipokutana nikamwamkia, nikamuuliza kajifunzia wapi.

"Kwa wajukuu, mwanangu. Kwani vibaya?"

Vizuri mno! Nikasimamia Markdown, namna ya kuandika kwa alama nyepesi kama nyota, iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004. Humo nyota moja hulaza maandishi, mbili ndizo hukoleza. Mzee alilishika hilo papo hapo. Kwa kuwa Markdown ina lahaja nyingi, tukafuata kanuni za CommonMark, zinazoeleza Markdown bila utata. Kichwa, picha na maelezo ya picha tukavipa sehemu zake kwenye jedwali, visichanganywe na maandishi. HTML ikawa inatengenezwa wakati wa kuonyesha tu, na kuchujwa, mtu asije akapenyeza skripti, yaani msimbo unaojiendesha kwenye kivinjari.

Baadaye mzee alitaka sentensi ya Boma irekebishwe. Tukaigusa mahali pamoja, na tovuti na kipeperushi kipya vikatoka na maneno yale yale.