Maji Yasiyokupwa: Siku Tatu Matema na Mama Yangu wa Pangani

Kijana aliyetupokea mizigo Matema alikuwa ameshamwamkia mama yangu, ameshampa kiti chini ya mwembe, ameshamletea maji ya kunawa miguu. Mama akalitazama Ziwa Nyasa kwa muda, kisha akamgeukia: "Mwanangu, hapa maji yanakupwa saa ngapi?"

Kijana alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akaweka begi chini. "Bibi, haya hayapwi. Yapo hivyo hivyo."

Mama amezaliwa Pangani na amezeekea Pangani. Maji yasiyo na saa ya kupwa wala saa ya kujaa, kwake ni bwawa la kunyweshea ng'ombe. Akashuka hadi ukingoni, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Baridi," alisema. Nadhani alitaka kusema "tamu" lakini hakutaka kuwapa sifa hiyo mapema.

Mimi sikucheka, maana na mimi nililifikia ziwa lile na kichwa cha pwani. Nimeolewa Mbeya, huu mwaka wa kumi na mbili, na mume wangu ni mtu wa Rungwe, kule juu kwenye ukungu na mashamba ya chai. Yeye maji yakimpita magoti anaanza kuulizia saa. Kwa hiyo habari zote za kuogelea nyumbani kwetu ni zangu, na nilikuwa naringa nazo. Mtoto wetu mkubwa, wa miaka kumi, nilimfundisha mwenyewe Pangani wakati wa likizo. Mdogo ana sita na anaelea kwa maneno tu.

Tulikwenda Septemba, likizo fupi ya shule, Mama akiwa amekuja kututembelea na nazi nane ndani ya kiroba. Ukishuka kutoka Mbeya kupitia Uyole na Tukuyu, unateremka zaidi ya mita elfu moja, masikio yanaziba na masweta yanavuliwa moja moja. Chai inakwisha, migomba inashika, halafu joto la Kyela linakupiga usoni na unaanza kuona kokoa imeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara. Kikusya tukaiacha njia ya Kyela mjini, tukapita Ipinda, na hapo tukasimama kwa fundi pancha kujaza upepo tyubu ya lori ambayo mkubwa aliikumbatia tangu nyumbani. Kumbuka tyubu hiyo.

Matema ipo kwenye kona ya juu kabisa ya ziwa, upande wetu wa Tanzania. Mkono wa kushoto ukiangalia maji, Milima ya Livingstone inasimama wima, inaingia ziwani bila hata kuomba ruhusa. Mbele hakuna mwisho: ziwa lina urefu wa karibu kilomita 580 na kina cha takriban mita 700, na wenzetu wa ng'ambo wanaliita Ziwa Malawi. Lakini kwenye ufukwe wenyewe mchanga unashuka taratibu, na asubuhi maji yanatulia kama mafuta kwenye sufuria isiyowashwa moto.

Utulivu huo ndio ulionidanganya.

Asubuhi ya kwanza, kama saa moja na nusu, niliwaruhusu watoto waingie. Nilijiambia: hapa hakuna maji kupwa, hakuna mkondo wa mto Pangani ukitoka kwa kasi mdomoni, hakuna wimbi. Nani atamchukua mtoto? Mdogo alikaa nami penye maji ya mapaja. Mkubwa akalala chali juu ya tyubu yake, miguu ikining'inia, akiimba. Nikageuka kumfunga mdogo nywele. Nilipoinua macho, ule wimbo ulikuwa unatoka mbali.

Hakuwa ameenda kokote kwa nguvu zake. Alikuwa anateleza, kimya kimya, kuelekea upande usio na nchi. Nikamwita. Akaanza kupiga makasia kwa viganja, na tyubu ikazunguka tu pale pale, kisha ikaendelea na safari yake. Umbali ule ulikuwa kama nusu ya kiwanja cha mpira na ulikuwa unaongezeka.

Nikajitosa. Hapo ndipo nilipopata somo la pili ndani ya dakika moja. Bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na mwili uliozoea kubebwa na chumvi hiyo hauna habari mpaka siku unapoikosa. Kule kwetu nikichoka hulala chali nikapumzika kama niko kitandani. Pale nilipolala chali, miguu ilizama na maji yakanifikia masikioni, karibu na pua. Dera nililovaa lilikuwa limenivaa lenyewe. Nikatambua kwamba nikifika kwa mtoto nitakuwa mzigo wa pili juu ya tyubu ile, basi.

Nilichofanya vizuri ni kitu kimoja tu: niliacha kumwambia arudi. Nilimpigia kelele, "Lala hapo hapo! Usiachie! Usiruke!" Maana nilimwona ameshaanza kushusha mguu, anataka kuogelea aje kwangu. Kuacha kitu kinachoelea ili ushindane na maji ndiko kunakoua watoto wanaojua kuogelea nusu. Akanisikia. Akajikunja juu ya tyubu kama paka.

Mume wangu, ambaye haogelei, ndiye aliyetusaidia. Hakuingia majini hata hatua moja. Alikimbia ufukweni hadi kwa mzee mmoja aliyekuwa anakausha mtumbwi wake, na sijui alimwambia nini kwa Kinyakyusa, nilichoona ni mtumbwi wa gogo umeshashushwa. Mzee alipiga kasia bila haraka yoyote, haraka isiyo na haraka ya mtu anayejua kazi yake, akamfikia mtoto, akafunga tyubu nyuma, akamrudisha. Njiani akanipitia na mimi. Nilishika ukingo wa mtumbwi na sikuwa na neno.

"Ndaga fijo," mume wangu alimshukuru mara nyingi. Mzee akatutazama sote, akasema kwa Kiswahili ili nisikie vizuri: "Mama, hili ziwa asubuhi linavuta, alasiri linasukuma. Watu huogopa alasiri kwa sababu ya mawimbi. Wimbi linakuangusha lakini linakurudisha. Asubuhi hulioni linalokuchukua."

Mama yangu alikuwa amesimama na tasbihi mkononi. Akauliza upepo wa asubuhi unatoka wapi. Mzee akaonyesha milima. Mama akanigeukia kwa sauti ile ambayo sijaisikia tangu niko darasa la tano.

"Huo si umande huo? Babu yako alitoka nao kila alfajiri miaka arobaini. Alitweka tanga akaenda nao mpaka nje ya mwamba. Wewe uliusahau wapi?"

Na ni kweli. Umande: usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, hewa ya baridi inateremka na kuelekea majini, na pale Matema ina milima mirefu ya kuteremkia. Jua likipanda, mambo yanageuka, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Nimeujua upepo huo tangu utotoni kama kitu cha wavuvi na ngalawa. Sikuwahi kuufikiria kama kitu kinachoweza kumchukua mtoto kwenye tyubu, kwa sababu Pangani hatuchezei tyubu alfajiri.

Siku hiyo hakuna aliyerudi majini mpaka saa kumi. Mkubwa alitaka kukataa kabisa, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko tyubu. Tulikaa mchangani tukapanga upya, na mpango huo ndio uliotubeba siku zilizobaki.

Tyubu ilifungwa kamba, na kamba ikafungwa kwenye shina la mti, mita kumi na tano hivi. Tulinunua manila dukani, na Mama akalalamika kwamba watu wa Tanga tumezaliwa katikati ya mkonge halafu tunamfunga mtoto kwa plastiki. Upande huu tulichomeka mti mchangani, upande ule mwingine, na mtoto anaogelea katikati, sambamba na ufukwe, si kwenda nje. Mdogo alivaa jaketi la kuokolea muda wote, hata akijenga nyumba za mchanga. Na mtu mmoja mzima alikuwa zamu: amesimama, hana simu, hafungi mtu nywele. Zamu nyingi alichukua mume wangu. Ilibainika kwamba mtu anayeogopa maji ndiye mlinzi bora kuliko wote; hakupepesa jicho.

Upande wa magharibi hatukwenda. Wenyeji walituambia tusisogelee mdomo wa Mto Lufilyo, kuna mamba, na hili sikutaka kulijaribia ujuzi wangu wa pwani.

Kuna jambo jingine ambalo familia za pwani huliona la aibu kulipanga, nasi tulilipanga. Mama hawezi kuoga mbele ya mkwewe, na mkwewe hawezi kukaa ufukweni mama mkwe akiwa na kanga iliyolowa. Kwa hiyo alasiri iligawanyika: saa kumi hadi kumi na moja ni ya wanaume na watoto, kisha mume wangu anakwenda kutafuta samaki, na sisi wanawake tunaingia hadi jua linapozama. Wanawake wawili wa kijijini walikuja kujiunga. Mama alikaa kwenye maji ya kiuno, mawimbi yakimpiga mgongoni, akacheka kwa namna niliyoisahau. Marehemu baba alikuwa bado hai mara ya mwisho nilipomwona Mama ndani ya maji.

Sasa kichocho. Nililiuliza kabla hatujatoka Mbeya, kwa muuguzi ninayefahamiana naye, na nashauri mzazi yeyote aliulize. Ziwa Nyasa lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi, vinapenya ngozi yako bila hata mkwaruzo, na huwa vingi zaidi majini jua likishakuwa kali, kuelekea saa sita. Konokono hao hupenda matete na maji yaliyotuama, lakini katika ziwa hili wamo pia wanaoishi kwenye mchanga wa wazi, kwa hiyo mtu asikuambie "hapa ni mchanga mtupu, pako salama". Tulichofanya ni kupunguza: hatukuingia katikati ya siku, hatukukaa kwenye matete, na tukitoka kila mtu alisuguliwa taulo mara moja mpaka ngozi ikawaka. Na choo ni chooni. Mdogo alipojaribu kujisaidia majini alirudishwa juu mbio, maana mkojo na kinyesi ndivyo vinavyowarudishia konokono mzigo huo.

Jambo la kufurahisha zaidi lilikuwa jikoni. Mume wangu alirudi na mbasa, samaki mrefu, mweupe, ambaye watu wa Kyela wanamsifu kama sisi tunavyomsifu nguru. Mama alimkagua mashavu, akamnusa, akasema hana harufu ya samaki. Kisha akazitoa nazi zake nane. Mama mwenye jiko alisimama akamtazama akikuna, Mama akakuna, wakabishana juu ya ndimu, na usiku ule tukala mbasa wa nazi kwa wali wa Kyela, ule ambao ukifunua sufuria jirani anajua. Mbasa ana miiba mingi sana. Mama alimsifu kwa kunyamaza na kuongeza.

Jumamosi ilikuwa siku ya gulio. Mitumbwi ilikuja kutoka Ikombe, ng'ambo kidogo chini ya milima, imejaa vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa huko, vimepangwa na majani ili visigongane. Mama alichagua kimoja kwa kukigonga kwa ukucha na kusikiliza, kama anachagua nazi. Alikibeba mapajani ndani ya kanga kutoka Matema hadi Mbeya, na kutoka Mbeya hadi Segera, ambako kondakta alitaka kukiweka kwenye buti wakabishana mbele ya basi zima. Chungu kikafika Pangani kizima.

Asubuhi ya mwisho mkubwa aliniomba aingie tena kwenye tyubu, wakati ule ule wa umande. Nilifunga kamba mwenyewe, fundo mara mbili. Akalala chali, akateleza taratibu hadi kamba ikakaza, na akabaki pale akiyumba. Baada ya muda akaita, "Mama, naisikia ikivuta!" Nikamwambia asikilize vizuri. Alikaa nusu saa.

Kuhusu dawa ya kichocho: muuguzi alituambia tusikimbilie kupima siku ya pili, kwa sababu minyoo michanga haionekani na dawa haiiwezi vizuri; tungoje wiki sita hadi nane. Tulingoja nane, tukapima, tukapewa prazikwanteli kulingana na uzito, vidonge vikubwa na vichungu ambavyo mdogo alivitema mara mbili. Nilimpigia Mama naye aende kituo cha afya Pangani. Akasema yeye aliingia majini na kanga, hakuna mdudu aliyepita. Tulibishana wiki nzima. Mwishoni alikwenda, akavimeza kwa maji ya dafu, akanipigia kulalamika kwamba vilikuwa vichungu kuliko mwarobaini, na kuuliza kama Septemba ijayo nauli ya Mbeya itakuwa imepanda.