Tabaka la chini ndilo linalonitia hofu

Leo nimechimba shimo kwenye theluji mpaka nikagusa ardhi, upande wa mlima usiopata jua, nikikagua hatari ya maporomoko ya theluji. Juu ni ngumu, imeshindiliwa na upepo; ukiikanyaga unajiona uko salama kabisa. Lakini chini nilichota chembe kubwa zenye kingo kali, zikanimiminika vidoleni kama sukari. Hazishikani hata ukizifinya. Hutokea pale theluji ya mwanzo wa msimu inapokuwa haba na baridi ikawa kali: mvuke hupanda kutoka ardhini, kwenye joto kidogo, na chembe hupoteza mshikamano. Tabaka hilo linaweza kubaki dhaifu wiki nyingi, huku likibeba mzigo wote wa juu; likivunjika, theluji iliyo juu yake huporomoka.

Kwa hiyo miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ambako maporomoko hutokea zaidi, naiacha kwanza, hata yenye nyayo za wengine. Nyayo si ushahidi wa usalama. Ukisikia mguno mzito chini ya miguu, "vuuum", ni tabaka dhaifu linavunjika: geuka palepale. Na jamani, kifaa cha kurusha mawimbi ya redio ili uonekane ulipo ukifukiwa, fimbo ndefu ya kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa, na beleshi, kila mtu abebe vyake: aliyefukiwa akipitisha dakika 15 hivi, uwezekano wa kumtoa hai huwa umeshashuka mno.