Siku moja maishani mwangu: kamba ya mita 24

Saa 11 alfajiri. Naupitia tena mpango wa somo. Leo darasa la nne wanaanza eneo la mstatili, na nimewaandalia swali moja tu: una kamba ya mita 24 ya kuzungushia bustani ya mstatili, uipange vipi upate nafasi kubwa kabisa ya kupanda? Kanuni ya urefu mara upana sitaigusa.

Saa 1:30 asubuhi. Nakata nyuzi za sentimita 24, sentimita moja badala ya mita moja, na kuchora karatasi za miraba.

Saa 2. Nasoma swali, nauliza "tunajua nini, tunatafuta nini?", halafu nanyamaza. Dakika hizi tano ndizo zinazonitesa, maana mkono wote unataka chaki.

Saa 2:20. Mtoto mmoja ananiita. "Mwalimu, zote ni sawa, kamba si ni ileile?" Kosa hili hata watu wazima wanalo: mzingo ukilingana, wanadhani na eneo limelingana. "Haya mwanangu, nionyeshe." Akapanga 1 kwa 11, akahesabu miraba kwa ncha ya penseli: 11. Akapanga 4 kwa 8, akahesabu, akasita, akaanza upya. 32. Akautazama uzi, akamtazama mwenzake. "Mbona hii imezidi?"

Jirani yake hakuhesabu mmojammoja. "Safu nane, kila safu nne, zidisha tu." Kanuni ikawa imefika, nami sijaitaja.

Saa 3. Ubaoni tunapanga majibu yao: 11, 20, 27, 32, 35, na mraba wa 6 kwa 6 unatoa 36.

Saa 4, mapumziko. Mwenzangu ananiambia kwa mwendo huu mada hazitaisha. Namjibu kwamba njia hii ya kuanza na tatizo ilishika mizizi kwa wanafunzi wa udaktari, Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1960: kisa cha mgonjwa kwanza, nadharia inafuata. Mtoto wa miaka kumi naye anastahili kukutana na tatizo kabla ya dawa.

Saa 8 mchana. Nasahihisha. Kikundi kimoja, daftari nne zina mwandiko wa fikra moja, watatu walinakili. Hilo ni langu: kesho kila mtoto ataanza peke yake dakika tatu ndipo wakutane.

Saa 2 usiku. Naandika swali la kesho: kamba ileile, lakini upande mmoja una ukuta. Je, mraba bado utashinda?