Fly-tipping: neno la pauni elfu moja

Wabongo na Wakenya wa Uingereza wanaijua ile bahasha ya kaunsili, yaani serikali ya mtaa. Ndani imetajwa godoro, mtaa, tarehe, kiasi cha kulipa, na juu kabisa neno limekolezwa wino: fly-tipping. Msomaji akiona "fly" anafikiria nzi, akiona "tip" anafikiria bahashishi ya mhudumu wa hoteli, kisha barua inawekwa juu ya friji isubiri mtoto atoke shule aisome. Kosa la kwanza ndilo hilo. Kaunsili nyingi hutoa punguzo kwa anayelipa mapema, na siku zake ni chache.

Neno lenyewe si geni kama linavyojifanya. Tipa tunalijua: lori la mchanga linaloinua bodi na kumwaga mzigo. "Tip" ni hilohilo, kumwaga, na hata dampo Waingereza huliita "the tip". "Fly" ni ule uharaka wa mwaga-ukimbie. Nzi hawamo, ingawa watafika baadaye. Kwa hiyo fly-tipping ni kuacha taka mahali pasipo na kibali cha kupokea taka, pawe pori, kichochoro, au kando ya mapipa ya jengo unalokaa wewe mwenyewe. Usilichanganye na "litter", ambayo ni ganda la ndizi, kichungi cha sigara au kikombe cha kahawa. Wala usingoje lori zima. Mfuko mmoja mweusi uliofungwa vizuri na kuegeshwa kando ya pipa lililojaa unaweza kuhesabiwa fly-tipping, na kaunsili nyingi huuhesabu hivyo.

Hapo ndipo panapomchoma mtu wa kwetu. Kochi likiwekwa nje ya geti Mbagala au Kayole, haliioni jioni. Fundi atachukua mbao, mwingine sponji, chemchemi zitaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kutoa kitu nje ni kukigawa. Huku, kochi zima, safi, lenye karatasi iliyoandikwa "chukua bure", likikaa kwenye njia ya waenda kwa miguu ni taka iliyotupwa, na aliyelitoa ndiye mkosaji. Hata mifuko ya nguo ukiiacha usiku mlangoni kwa duka la hisani lililofungwa, huo si msaada tena, ni kosa. Ukarimu una saa za kazi.

Sheria ni Environmental Protection Act ya 1990. Kifungu cha 33 kinamhusu anayetupa. Kwa England, faini ya papo kwa papo inaweza kufika pauni 1,000 tangu Julai 2023. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa 400. Kila kaunsili inapanga kiwango chake chini ya kikomo hicho, na Scotland na Wales zina hesabu zao. Kesi ikienda mahakamani faini haina kikomo, na kifungo kinaweza kufika miaka 5. Anayepanga kuomba uraia alifikirie hilo kabla ya kuipuuza barua: ukilipa ile faini ya papo kwa papo jambo linaisha bila hukumu, lakini usipolipa, ukashtakiwa ukashindwa, hiyo ni hukumu ya jinai, na fomu ya uraia itaiuliza.

Kuna mtego mbaya zaidi, kifungu cha 34. Mwenye nyumba, na mpangaji pia, ana wajibu wa kuhakikisha anayempa taka zake ana ruhusa ya kuzibeba. Yule kijana wa kigari anayejitangaza mtandaoni kwa pauni 20, "nabeba chochote", akilimwaga godoro lako msituni, wewe unaweza kutozwa hadi pauni 600 hata kama hukuujua huo msitu. Maofisa hufungua mifuko. Wanatafuta karatasi ya kifurushi yenye anwani, barua ya benki, kopo la dawa lenye jina. Kijana hapatikani, anwani yako ipo.

Basi kabla hajagusa kitu, muulize jina la biashara na namba ya usajili. Kwa England, anayebeba taka za watu wengine kwa malipo anapaswa kuwa na namba inayoanza na CBDU. Ikianza na CBDL simamisha mazungumzo, maana hiyo ni ngazi ya chini, ya vyama vya hisani na biashara zinazobeba taka zao zenyewe. Ingiza namba kwenye rejista ya wazi ya Environment Agency, wakala wa mazingira wa England, iliyopo gov.uk, ni bure na huchukua dakika mbili. Angalia jina, usiridhike na namba peke yake, kwani wapo wanaotaja namba halali ya kampuni nyingine. Muulize anapeleka wapi. Piga picha namba ya gari, lipa kwa benki badala ya taslimu, na udai risiti iliyoandika vitu vyenyewe na tarehe. Akikasirika kwa maswali hayo, umeshapata jibu.

Njia isiyo na presha ni kaunsili yenyewe. Kwenye tovuti yake tafuta "bulky waste", yaani taka kubwa kama kochi na godoro: unachagua vitu, unalipa, unapewa siku na mahali pa kuviweka. Vikitolewa siku mbili kabla, au mahali tofauti na walipokuelekeza, mnarudi kulekule kwenye faini. Bei hutofautiana sana, na kaunsili chache hutoa safari za bure kwa mwaka, kwa hiyo soma kabla ya kulalamika. Ukiwa na gari, nenda dampo la kaunsili mwenyewe. Mengi hutaka uweke nafasi mtandaoni na uonyeshe uthibitisho wa anwani, na ukienda na gari la mizigo la kukodi huenda ukahitaji kibali cha ziada.

Kochi lina mambo yake. Usikate kamwe ile lebo ya usalama wa moto iliyoshonwa chini ya mto wa kochi, maana bila hiyo maduka ya hisani hayalipokei hata likiwa jipya. Likishakuwa taka, tangu Januari 2023 makochi na viti vyenye kemikali fulani za kuzuia moto lazima vichomwe kwenye mitambo maalumu, haviruhusiwi kufukiwa. Kwa hiyo ile akili ya kulichanachana usiku na kuligawa kwenye mifuko ya kawaida iache. Friji na mashine ya kufulia ni rahisi zaidi: ukinunua kipya, muuzaji ana wajibu wa kukupa njia ya bure ya kuondoa cha zamani cha aina ileile, ingawa akija kukichukua nyumbani anaweza kukutoza usafiri.

Na ukiamka ukakuta taka za mwingine mlangoni, usizisogeze wala usizipekue. Kunaweza kuwa na sindano ndani, na ushahidi unaharibika. Piga picha, ingia tovuti ya kaunsili, andika "report fly-tipping", jaza mahali na saa. Zikiwa barabarani, wataondoa wao. Zikiwa ndani ya uwanja wa nyumba, gharama ni ya mwenye ardhi, hivyo mpangaji amwandikie mwenye nyumba siku ileile, kwa baruapepe, picha zikiwa zimeambatishwa, kabla hesabu ya dhamana aliyolipa alipopanga haijaanza kupigwa.