Taa ya zambarau

Juzi kwa wakala wa M-Pesa, binti yangu alimwona kijana akipitisha noti ya elfu chini ya taa ya zambarau. "Mama, hiyo taa inaona nini?" Nikamwambia inaona noti bandia. Njia nzima nikawa nawaza mahindi.

Kazini tulikuwa tumeunda kikasha cha kupima sumu kwenye mahindi. Kilitokana na yale ya 2004 hapa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 walipougua kwa mahindi yenye aflatoksini, sumu ya ukungu, na 125 wakafa. Tulitaka kifaa cha kubeba hadi ghalani: taa ya urujuanimno kama ile ya wakala, kichujio, na kipokea mwanga kidogo. Aflatoksini B1, aina kali zaidi ya sumu hiyo, ikimulikwa na miale hiyo hutoa mwanga wa buluu, ila hafifu mno, maana kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya kwa aflatoksini zote pamoja ni mikrogramu 10 tu kwa kilo ya mahindi.

Kilichotutesa ni methanoli tupu, kile kimiminika cha kutolea sumu kwenye unga wa mahindi. Ukiiweka peke yake, bila chembe ya hindi, kikasha kinadai kuna sumu. Tulibadilisha nyaya, chupa, hata methanoli yenyewe. Wapi!

Jioni moja stima ikapotea. Kikasha kilitumia betri, kifuniko kiko wazi, taa inawaka. Nikainua macho, fundi wetu amesimama pale kama jini: koti la maabara linawaka buluu kuanzia kola hadi mikononi, vifungo vimebaki matundu meusi. Akacheka, na meno nayo yakawaka. Lebo ya karatasi kwenye chupa iling'aa kuliko sampuli yoyote tuliyowahi kupima. Na mdomoni mwa chupa, uzi mmoja wa pamba, mfupi kama kope, unameremeta. Akautoa kwa kibano taratibu, namba ikashuka tukiitazama. Sabuni ya unga! Ile dawa inayofanya nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi hung'aa buluu ileile.

Tangu hapo makoti meupe na lebo za karatasi vikapigwa marufuku. Tulivaa fulana nyeusi, mkubwa wetu akauliza tumefiwa na nani.

Kikasha kilipokubali kazi tulikipeleka Makueni. Nyanya mmoja alituletea bakuli la mahindi, tukasaga, tukapima, namba ikapita kiwango kwa mbali. Nikamweleza kwa upole kwamba hayafai.

"Sawa, mwanangu. Na hiyo mashine inasema nipike nini leo?"

Nikamwambia aende kwa chifu, kuna chakula cha msaada.

"Chifu?" akasema. "Mahindi haya si nimeyanunua kwake?"