Mtori kwa kijiko cha chai

Mzee aliletwa kutoka Marangu, kiharusi kimempiga upande wa kulia, mdomo umevutwa kushoto. Nilikuwa zamu ya asubuhi pale Moshi, wodi imejaa. Nikamkuta mkewe ameinua kikombe cha maji, na mzee kalala chali.

"Shikamoo mama. Ngoja kwanza."

"Marahaba mwanangu. Ana kiu, midomo imekauka kabisa."

Ndugu wengi huona maji hayana neno. Kumbe ndiyo ya kuogopwa zaidi: yanateremka kasi kabla koo lililolegea halijawahi kuziba njia ya hewa. Yakifika mapafuni, nimonia hiyo. Na si kila anayepaliwa hukohoa. Kwa wengine tunashtukia homa tu.

Tukamketisha wima, mito mgongoni, nikamsafisha kinywa. Nikampa maji kijiko kimoja cha chai, kisha nikamwambia aseme "aaa". Sauti ikatoka na majimaji, kama mtu anayesukutua. Nikaishia hapo. Daktari akaagiza mpira wa puani wa kumlishia.

Alipoanza kupata nafuu tukamjaribu tena, akameza uji mzito bila shida. Mama akauliza, "Na mtori je?" Nilifurahi sana, maana mtori, supu ya ndizi na nyama, ukipondwa vizuri ni laini na mzito. Tukakubaliana nyama itolewe, na uchujwe usibaki na mabonge.

Siku hiyo alimlisha mwenyewe. Kijiko kinaingia shavu la kushoto, lenye nguvu. Mzee anashusha kidevu, kongomeo linapanda, linashuka. Mama anangoja, anachungulia shavu la kulia kama kuna kilichobaki, ndipo anachota tena. Bakuli dogo likachukua karibu nusu saa. Binti yao alitaka aharakishwe, muda wa kuona wagonjwa unaisha. Mama akamkatiza: "Hajameza huyu." Nikamruhusu abaki. Nusu saa hiyo nesi mwenye wodi nzima haipati, na inaniuma, kwa sababu kulisha mgonjwa wa namna hii ni tiba kamili na ingepaswa kupangiwa mtu kila zamu.

Hatukumlaza mara moja. Nikamwuliza mtori ukoje. Akajibu kwa taabu, maneno yanakwama, lakini sauti ilikuwa safi, haina majimaji. Milo iliyofuata ikaenda vizuri, na mpira ukatolewa. Mama akaniomba nimwelekeze binti naye, maana ndiye angekuwa akimlisha baba yake mchana, yeye akiwa shambani.