Deki ya ami na kaseti ya bibi

Mwaka 1986 ami alirudi Tanga toka Muscat na deki ya kaseti, ile ya kukaa kwenye shelfu, bati la rangi ya fedha, sisi watoto tukaizunguka tunatafuta spika hatuzioni. Kumbe deki peke yake haitoi sauti hata kidogo, mpaka uichomeke kwenye amplifaya, na amplifaya ya ami ilikuwa na redio humohumo. Mi nilichoipendea ni ile mishale miwili ya kupima sauti, L ya kushoto na R ya kulia, ikiwaka taa ya njano nyuma yake. Ukiweka RTD, yani Redio Tanzania, inacheza sawasawa kama mapacha maana redio ilikuwa mono, sauti ileile kushoto na kulia, ukiweka kaseti ya stirio ndo kila mmoja unashika njia yake.

Sasa ami alileta pia kaseti ya shangazi. Enzi hizo simu ya kwenda Uarabuni ilikuwa shughuli, kwahiyo watu walirekodi barua kwa sauti wakampa msafiri. Shangazi kajaza upande mzima wa C60, nusu saa ya salamu na habari za watoto. Mara ya kwanza tulivyoiweka sauti ikawa nzito kama anaongea na shuka mdomoni, ami akacheka akabonyeza Dolby, ile ya kupunguza mvumo wa kaseti, kuizima, maana kaseti ilirekodiwa bila Dolby, na shangazi akatoka safi, pamoja na ule mvumo wa shhhh. Bibi akalia. Baadae ami akachukua bisibisi akavunja vile vimeno viwili vya nyuma ya kaseti, akasema sasa hata mtu akibonyeza Rec, ile ya kurekodi, haishuki.

Haishuki kweli, ila ukisokota karatasi ukaijaza kwenye tundu inashuka.

Nilikuwa na miaka 13, sina kaseti tupu, na RTD wanapiga dansi, Mlimani Park hao, unafanyaje? Nikajiambia nachukua kipande kidogo tu huko katikati. Nikapeleka kaunta, zile namba zinazohesabu kaseti ikizunguka, toka 000 mpaka 041, nikabonyeza Rec na Play kwa pamoja, nikakaa natazama mishale inavyoruka, nikasahau kabisa habari ya kipande kidogo mpaka kaseti ikafika mwisho deki ikajizima yenyewe. Ile hedi ya kufuta, kichwa kinachogusa utepe, iko kabla ya hedi ya kurekodi, yani ya zamani inaondoka kabisa ndo mpya inaingia, hakuna cha kurudisha.

Ijumaa bibi kaja, kakaa kwenye mkeka, kajitanda kanga yake vizuri kama anapokea mgeni. Shangazi akaanza, asalaam aleikum mama, hujambo mama, miguu inaendeleaje, mi jasho linanitoka. Kama dakika mbili hivi. Alafu tap! magitaa na matarumbeta nyumba nzima.

Bibi kanyamaza kidogo. "Sasa huyu nae nani?"

Kofi la ami nililipata jioni na sina neno nalo. Ila bibi hakunigombeza, alisema tu, "Mjukuu wangu, rudisha." Nikarudisha 000, akasikiliza tena. Toka siku hiyo kila Ijumaa akija kazi ilikuwa yangu, mi nimechuchumaa mbele ya deki, kidole juu ya Stop, naangalia namba zinavyopanda, 038, 039, 040.